Malindi hadi Lamu kwa jahazi: demani ya kisiwa na demani ya mlima

Siku ya 1, Malindi

Sementi ya kupakia kwenye jahazi ilitakiwa ifike saa mbili asubuhi ikafika saa kumi jioni, kwa hivo leo hatujang'oa nanga. Niko na mpwa wangu, ana miaka ishirini na mbili, mwezi ujao anaanza kazi kwenye meli ya mizigo na mamake aliniomba nimpeleke Lamu akaage wazee, mimi nikaona badala ya basi tupande jahazi manake nahodha ni mtu wa kwetu na huyu kijana anaenda kuishi baharini na hajawahi kulala kwenye chombo cha tanga hata usiku mmoja.

Jioni tumekaa mchangani tunakula viazi karai, nahodha akawa anamuuliza meli inaenda wapi, kijana akataja bandari za Ulaya, Afrika Kusini, mpaka Mexico. Nahodha akamuuliza, na upepo je? Kijana akasema, "Babu, upepo ukizidi si meli inaenda inajificha nyuma ya kisiwa ama nyuma ya mlima." Akalisema hivo kwa imani kabisa, ndivyo wengi wetu tunavyojua, upande wa goshini, unakotoka upepo, ndo unapigwa na upande wa demani, unakoelekea upepo, ndo umestirika.

Nahodha akamwambia, "Nyuma ya kisiwa, sawa mwanangu." Akanyamaza. Kijana hakuona kitu lakini mimi nilijua ameacha nini, manake mimi nilifanya kazi ya taniboi kwenye malori yaliyokuwa yanapeleka vyuma vya mitambo ya upepo kutoka bandari ya Mombasa mpaka Loiyangalani kule Ziwa Turkana, na nilichokiona kule kuhusu upepo na milima sijawahi kukitoa kichwani. Nimeamua safari hii nitamweleza yote kabla hajaondoka, na ninaandika kila siku nisisahau, labda kuna mwingine ana mtoto anaenda melini.

Siku ya 2, Malindi hadi Kipini

Tumetoka alfajiri na umande, ule upepo mwembamba wa nchi kavu, maji yametulia kama ya kisimani. Tulipofika usawa wa Ngomeni jua limeshapanda, tukapita tukiiona ile mitambo ya Waitaliano imesimama baharini, pale ndo ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru mwaka 1970, kijana alikuwa hajui, akapiga picha kumi.

Baada ya hapo kusi likashika. Hii ni miezi ya mwisho ya kusi, halina ule ukali wa Juni na Julai, ni upepo wa kupendeza, unasukuma kutoka nyuma saa zote na nguvu zilezile. Nahodha amefunga demani yake, na hapa nieleze kwa wasiojua, demani ni jina la msimu huu na pia ni kamba ya chini ya tanga na pia ni upande ule upepo unakoelekea, amefunga na kukaa anatafuna tambuu. Akaonyesha nchi kavu kwa kidole. Bapa. Mikoko, minazi, vichaka, hakuna hata kilima. "Pwani hii," akasema, "Mungu ametupa upepo mkweli. Ukikupiga sasa hivi unajua dakika tano zijazo utakupiga vipi."

Ni kweli, lakini nikamwambia kijana kwamba hata hili kusi letu limelelewa na milima, ni vile tu milima yenyewe iko mbali hatuioni. Kusi linatoka chini kusini mwa Bahari ya Hindi, linafika Bukini, yaani Madagaska, likikuta milima, na kule kaskazini ya Bukini, ncha ya kisiwa, upepo unabanwa unazunguka na kuongeza mwendo, mji wa Antsiranana una upepo wake kabisa unaitwa varatraza, unavuma miezi na miezi. Alafu linakuja kwetu, likitaka kuendelea magharibi linakuta ukuta, nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, haliwezi kupanda kirahisi, basi linageuka kufuata ukuta kama maji kwenye mfereji, linakwenda kasi pwani yetu na Somalia mpaka linatokea Bahari ya Arabu na kupeleka mvua India. Mtaalamu mmoja jina lake Findlater aliandika habari za huo mto wa upepo mwaka 1969. Uko juu kama kilomita moja mpaka moja na nusu kutoka chini, na msimu wake ukikolea kasi yake huko juu mara nyingi inapita mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa. Sisi huku chini tunapata mabaki yake tu, na mabaki ndo hayo yanafunga bahari mwezi wa saba.

Kijana akauliza, kwa hivo ukuta ungekuwa haupo? Nikamwambia upepo ungetawanyika, usingekuwa mkali hivi. Nahodha aliskia akatikisa kichwa, hakuwa amelifikiria hivo, lakini hakubisha. Akasema tu, "Kumbe Ras Asir ndo maana," ile ncha ya Somalia.

Tumelala Kipini. Mbu wengi sana.

Siku ya 3, Kipini hadi Lamu

Leo ndo mazungumzo yalikolea. Karibu na Ras Tenewi tulipita nyuma ya kisiwa kidogo, kijiwe tu chenye vichaka juu, na tulipoingia demani yake tanga likalegea, mawimbi yakalala, tukachemsha chai bila hata kushika birika. Kijana akanigeukia, "Si unaona mjomba?" Ndo nahodha akatoa kile alichokiacha Malindi.

Akasema alikuwa mdogo kuliko huyu kijana, wako na babake, wanarudi kutoka Arabuni, wakachelewa, msimu ukawageukia wakiwa Sokotra, kusi limeanza mapema na kali. Babake akasema tukatie nanga upande wa kaskazini, mlima utatukinga. Na Sokotra ina milima kweli, ile Hajhir inafika kama mita 1,500. Wakaingia mchana, maji karibu na nchi yamelala hakuna wimbi, wakashukuru Mungu, wakatia nanga moja. Usiku upepo ukashuka. Sikuandika vibaya, yeye mwenyewe alisema ukashuka, haukuja kutoka baharini, ulitoka juu mlimani, mkavu na wa moto kama wa mdomo wa tanuri, unapiga pigo moja chombo kinalala ubavu, alafu kimya kabisa mpaka unaskia watu wanapumua, alafu pigo jingine kutoka pembe nyingine. Nanga ikakokota. Wakatia ya pili, ikakokota. Mpaka asubuhi walikuwa wamesukumwa bahari kuu, tanga hawakuwahi hata kulifungua, foromali, ule mti wa kushikia tanga, iliyokuwa imelazwa sitahani iling'oka na kuvunja mkono wa baharia mmoja. "Babangu alikuwa nahodha mkubwa," akasema, "lakini mlima ulimdanganya."

Wallahi tulinyamaza wote. Mtu anaweza kudhani ni hadithi ya wazee lakini hivo alivyoeleza ndivyo inavyokuwa, ukisoma maelezo ya wataalamu wa hewa utakuta yaleyale, upepo unashuka upande wa nyuma, mkavu, wa kupiga na kuacha, usiku.

Jioni tumeingia Lamu, tumepita Shela jua linazama. Dadangu analia na kucheka.

Siku ya 4, Mkanda

Nilikuwa nimengoja siku hii manake ni bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, na maji ya bamvua yakitoka pale Mkanda, kati ya Manda na bara, ndo mwalimu mzuri kuliko mimi. Tumechukua mashua ndogo mimi na kijana na nahodha akaja, tukajifunga kwenye mkoko pahali maji yanapita juu ya mwamba ulio chini.

Nikamwambia usiangalie mashua, angalia maji yanapofika kwenye mwamba. Kabla ya mwamba yanajaa, yanapanda kidogo na kwenda polepole, yamekuwa mazito. Juu ya mwamba yanakuwa membamba. Na nyuma yake, pale wewe unasema pa kujificha, yanaanguka kama kioo, laini, hayana povu, na hapo ndo yana kasi kuliko pahali pengine popote, tupa kijiti uone. Alitupa jani la mkoko, likaenda taratibu, likafika juu likafyatuka kama limepigwa teke. Alafu mbele kidogo yale maji ya kioo yanagonga maji yaliyotulia na kuruka, yanapanda ghafla, yanajikunja, povu, vizingia, jani likazunguka pale halijui liende wapi.

Basi hewa ni hivohivo, isipokuwa hatuioni. Hewa nayo ina uzito na ina tabaka. Usiku ama msimu wa baridi ile ya chini inakuwa baridi na nzito, juu yake kuna hewa ya joto iliyo nyepesi, na hiyo ya joto inakaa kama kifuniko. Upepo huo mzito wa chini ukitakiwa kupanda mlima, hautaki, unapanda kwa shida, na ukifika kileleni umebanwa kati ya jiwe na kifuniko, lazima ukimbie ndo upite. Ukishavuka unataka kurudi chini kwenye kimo chake, na uzito wake unauvuta, unaanguka mteremkoni kwa kasi kubwa kuliko ile uliyokuja nayo. Kisiwa cha Tenewi hakiwezi kufanya hivo, kimo chake si kitu, hewa inakizunguka tu na kuacha kivuli nyuma. Mlima mrefu wenye kifuniko juu yake ndo unageuza kivuli kuwa maporomoko. Na pale maporomoko yanapoishia kuna ule mruko, hewa inajikunja kama gurudumu, na ndo maana pigo linakuja alafu kimya alafu pigo kutoka nyuma. Hata ndege zinaogopa hapo, mwaka 1966 ndege ya abiria Boeing 707 ilivunjika hewani karibu na mlima Fuji wa Japani, siku ya jua safi bila wingu, watu 124 wakafa wote, ni mawimbi ya hewa nyuma ya mlima.

Kijana akauliza swali zuri, sasa usiku melini nitajuaje kuna kifuniko? Nikamwambia usiku ni hesabu ya maafisa na utabiri, lakini mchana angalia wingu. Cape Town utafika, kuna Table Mountain, kama mita 1,086, juu bapa kama meza. Kusi-mashariki ya huko ikivuma utaona wingu jeupe limelala juu ya mlima na linamwagika upande wa mji kama shuka, lakini halifiki chini, linayeyuka njiani, na mji uko kwenye jua. Mtu mgeni anasema hali nzuri. Kumbe lile wingu linalomwagika ndo upepo wenyewe unavyoanguka, na chini huko mitaani watu wanashikilia nguzo. Pwani ya Kroatia nako, chini ya milima ya Velebit, wavuvi wakiona kofia ya wingu imekaa kileleni wanajua bora inakuja, bora ndo jina la upepo wa baridi unaoporomoka hapo, na daraja la Maslenica mwaka 1998 lilipimwa pigo la kilomita 248 kwa saa. Fikiria. Na upepo kasi ikizidi mara mbili nguvu yake haizidi mara mbili, inazidi mara nne, kwa hivo mtu aliyejipanga kwa upepo wa 60 akipigwa pigo moja la 120 amepigwa na kitu kingine kabisa, hata hakijui. Trieste, juu kidogo ya hapo, zamani walikuwa wanafunga kamba barabarani watu washike wakitembea.

Maji yakaanza kupungua tukahofia kukwama, lakini kijana hakutaka kuondoka, akawa bado anatupa majani.

Tukirudi, pale Mkanda unapobana kabisa, nikamweleza jambo la pili, manake milima haifanyi kazi moja. Kuna kuvuka juu na kuna kupita katikati. Turkana ni kupita katikati. Upande mmoja nyanda za Ethiopia, upande mwingine nyanda zetu za Kenya, na katikati kuna uwazi wa chini, na upepo wa kusi-mashariki kutoka bahari hii yetu unaingia hapo mwaka mzima na kubanwa. Mkenya mmoja, Kinuthia, na mwenzake Asnani ndo waliandika habari zake mwaka 1982. Loiyangalani kambi ya mitambo iko kati ya mlima Kulal na mlima Nyiru, kwa hivo uwazi mkubwa ndani yake una uwazi mdogo. Wameweka mitambo 365, jumla megawati 310, na kila mmoja tulioupeleka tuliubeba kwa barabara ya mawe nikiwa nimekaa juu. Upepo wa pale kwa wastani unafika kama mita 11 kwa sekunde, wastani huo, yaani kuna saa ni zaidi sana. Mchana unaweza kupungua, ukifika usiku unazidi, mpaka alfajiri unaskia hema linapiga kelele, kokoto ndogo zinagonga bati. Wavuvi wa ziwa wanajua, asubuhi hawaingii mbali. Mwaka 1934 msafara wa Mwingereza Fuchs ulipeleka watu wawili Kisiwa cha Kusini hapohapo ziwani, hawakuonekana tena mpaka leo, na kila mtu niliyemuuliza kule alinijibu neno moja, upepo.

Na kuna kitu nahodha alikiongeza, kwamba kwenye mkondo wa kubana si pale katikati pabaya, pabaya ni pale unapotokea, maji yameshashika kasi na yanatawanyika. Nikashangaa manake upepo wa milimani ni hivo pia, meli nyingi zinapigwa mdomoni pa uwazi, si ndani yake. Mexico kwenye ghuba ya Tehuantepec, meli inapita imetulia, nchi iko mbali, ghafla inaingia kwenye upepo uliotoka kwenye pengo la milima na kwenda mamia ya kilomita baharini. Kijana akasema, huko naenda. Nikamwambia najua.

Siku ya 5, Lamu mjini

Leo sikufanya mengi, Ijumaa, msikiti, pilau kwa dadangu.

Baada ya alasiri barazani wazee walikuwa wanamuaga kijana na akatoa simu kuwaonyesha video za Lahaina, sijui alizipata usiku akisoma haya mambo. Lahaina ni mji wa bandari kisiwa cha Maui kule Hawaii, mji mkongwe, wakati mmoja ulikuwa makao ya wafalme wao, nyumba za mbao zimekaribiana, bahari mlangoni. Uko upande wa demani, magharibi, mlima nyuma yake. Kila mtu angesema umestirika. Tarehe 8 Agosti 2023 upepo wao wa kawaida wa kaskazini-mashariki ulizidi nguvu, ukavuka mlima, kifuniko kikiwa juu yake, ukaporomokea mjini, ukaangusha nguzo za stima asubuhi, moto wa kwanza ukazimwa wakadhani umeisha, mchana ukawaka tena na hapo upepo ukaubeba nyumba kwa nyumba mpaka ufuoni. Watu wengine waliruka baharini ndo wakapona. Walikufa watu kama 100.

Wazee walitazama bila neno. Mmoja akainua macho kutazama makuti ya dari za jirani, sote tukajikuta tunayatazama. Sisi mlima hatuna, hilo pigo la kushuka halitatupata, lakini vichochoro vyetu ni vyembamba na kusi la Julai si dogo, na mtu ukiona mji wa bandari wa watu wengine umeisha kwa siku moja unaumia kama ni wako.

Mzee mmoja akamuombea kijana dua ndefu, akataja upepo ndani yake.

Siku ya 6, Shela

Tumetembea mpaka vilima vya mchanga, nimpe la mwisho. Chini ufuoni upepo wa wastani, ukipanda unazidi kila hatua, kileleni mchanga unakuchoma miguu, ukishuka nyuma hatua kumi tu kimya, na ukimwaga mchanga mkononi unaona unarudi nyuma kidogo, umejikunja. Kijana akasema hapa basi demani ni salama. Nikamwambia ndio, hapa na Tenewi ni sawa, kilima kidogo. Akafikiri. Akasema, "Kwa hivo mjomba swali si niko upande gani, swali ni mlima una kimo gani na juu yake kuna nini." Sikuwa na cha kuongeza, nikamshika bega tu.

Akamuuliza nahodha jioni forodhani, ikiwa lazima mkae nyuma ya mlima, mkae wapi? Nahodha akamjibu, mbali na mguu wake, nanga mbili toka mwanzo, kila kitu cha juu kimeteremshwa na kufungwa jua likiwa bado lipo, na mtu mmoja macho yake yasiondoke mlimani. "Na bahari ikilala sana karibu na nchi na kilele kimevaa kofia, usishukuru haraka."

Mimi nilikuwa nimeshakata tiketi mbili za basi za kurudi. Nahodha anang'oa nanga kesho kutwa, chombo kitupu na kusi liko usoni, itakuwa kupiga bisha, kukata huku na huku dhidi ya upepo, siku tatu ama nne mpaka Malindi, kulowa na kuteka ngama, yale maji yanayoingia chomboni. Kijana ameshapeleka begi lake chomboni.